Kuchukua nakala ya programu asilia ya simu kabla ya kuiruti au kuiflashi

Mama mmoja muuza dagaa alishuka kwenye boti ya asubuhi kutoka Ukerewe akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu, jirani na Makoroboi hapa Mwanza, akiwa na simu inayowaka vizuri, yenye kioo kizima na betri nzima, lakini isiyoshika mtandao kwa laini yoyote. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine kwa sababu ilikuwa nzito. Fundi huyo akaifuta yote kisha akaiandika upya, yaani akaiflashi, na katika kuifuta akaondoa pia kisehemu kidogo ambamo namba za IMEI, yaani namba za kuitambulisha simu kwenye mtandao, na vipimo vya redio vya simu ile vilikuwa vimehifadhiwa tangu kiwandani. Programu kuu ya simu ya aina ile niliipakua kwa bando la usiku mmoja. Kile kisehemu kidogo hakikuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya simu yenyewe, na kilikuwa kimeshafutwa. Laiti mtu angetumia dakika kumi kukinakili kwanza, mama yule asingepoteza namba aliyozoea kuwapigia wateja wake wa mwaloni wa Kirumba kwa siku tatu nzima.

Mwongozo huu unamfaa mtu mwenye simu ya Android, kompyuta mpakato na subira, ambaye anataka kuiruti simu yake, yaani kujipa ruhusa ya juu kabisa ndani ya mfumo wake, kuibadilishia mfumo au kuijaribu kwa namna nyingine, na anataka awe na njia ya kurudi. Nimeuegemeza zaidi kwenye simu zenye chipu ya MediaTek, kwa kuwa Tecno na Infinix nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina chipu hiyo.

Kuna nini ndani ya simu

Hifadhi ya ndani ya simu imegawanywa katika sehemu nyingi, na kila sehemu ina jina na kazi yake. Sehemu iitwayo boot hubeba kiini kinachoiamsha simu. Super, katika simu nyingi zilizotoka na Android 10 na kuendelea, hubeba mfumo wenyewe pamoja na programu za mtengenezaji. Vbmeta hutunza alama za kuthibitisha kwamba sehemu nyingine hazijachezewa. Na userdata ndimo zilimo picha, ujumbe na programu ulizoweka mwenyewe.

Kwa kazi yetu, sehemu hizi tuzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo zinafanana katika kila simu ya modeli hiyo na toleo hilo: boot, super, vbmeta, recovery na jamaa zake. Hizi zikiharibika, mtu hupata nyingine kwa kupakua programu ya kiwandani. Fungu la pili ni zile za simu yako peke yake. Katika simu za MediaTek majina yake huwa nvram, nvdata, nvcfg, protect1, protect2, proinfo na persist. Katika simu za Qualcomm utakuta modemst1, modemst2, fsg na persist. Katika Samsung ipo efs. Humo ndimo zinamokaa IMEI, anwani za Wi-Fi na Bluetooth, namba ya usajili wa kiwandani, na marekebisho ya vihisio na redio ambayo kiwanda kiliyapima kwenye simu hiyo moja. Ukiwa na haraka na unaweza kunakili fungu moja tu, nakili hili la pili. Kwa ukubwa ni dogo sana, kwani lote pamoja kwa kawaida halizidi megabaiti mia chache, na hakuna mahali pa kulipakua.

Usifikirie kuziba pengo hilo kwa kuchukua nvram ya simu ya jirani inayofanana na yako. Simu yako itabeba IMEI ya mwingine, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahesabu kubadilisha namba ya utambulisho wa simu kuwa kosa la jinai. Tangu TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016, IMEI si jambo la kuchezea hapa nchini.

Maandalizi kabla ya kuchomeka waya

Bonyeza *#06#, andika IMEI zote mbili kwenye karatasi, kisha uzilinganishe na zile zilizo kwenye boksi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayohusu simu, upige picha ukurasa unaoonyesha modeli, toleo la Android, tarehe ya kiraka cha usalama na nambari ya muundo. Ukibonyeza nambari hiyo ya muundo mara saba, mipangilio ya wasanidi programu itafunguka, na humo utaruhusu simu kuzungumza na kompyuta kwa njia ya USB. Kisha, ukiwa umeweka kwenye kompyuta adb, programu ya kuzungumza na simu kwa amri, andika:

adb devices
adb shell getprop > taarifa.txt

Faili hilo la taarifa.txt ni la thamani kuliko linavyoonekana, kwa kuwa lina jina kamili la toleo lako, herufi kwa herufi, na mstari wa ro.board.platform unaokuambia chipu yako ni ipi. Thamani yake ikianza na mt, kwa mfano mt6765, hiyo ni MediaTek. Ikianza na ums au sp, mara nyingi ni Unisoc. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu simu mbili zenye jina moja la biashara zinaweza kuwa na chipu tofauti, na jina lililochapwa mgongoni halitoshi kukuongoza.

Mambo yako binafsi yahamishe yote. Kufungua kufuli la programu inayoiwasha simu, ambayo mafundi huiita butiloda, hufuta userdata bila kuuliza mara ya pili. Nakili picha, pakua majina ya simu katika faili moja, na kwa upande wa WhatsApp uagize programu itengeneze nakala yake kisha uchukue folda nzima iliyomo Android/media/com.whatsapp. Hakikisha pia unaikumbuka akaunti ya Google iliyomo pamoja na nywila yake, au uiondoe kabisa, kwani simu zilizotoka na Android 5.1 na kuendelea hudai akaunti ile ile baada ya kufutwa kwa njia zisizo za kawaida. Nimeona watu wakimaliza kazi yote vizuri, kisha wakakwama kwenye ukurasa huo.

Wengine huuliza kwa nini wasinakili userdata yenyewe kama ilivyo na kuirudisha baadaye. Katika simu za sasa data hiyo imesimbwa kwa ufunguo uliofungwa ndani ya chipu, hivyo faili utakalolitoa litakuwa kubwa sana na halitasomeka popote, na hata ukilirudisha kwenye simu ile ile baada ya kuifuta, funguo zake huwa zimeshabadilika. Usijaze diski bure.

Neno kuhusu waya na tundu la chaji. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani hubeba umeme tu na hazina nyuzi za data, kwa hiyo kompyuta ikikaa kimya, badilisha waya kabla hujailaumu draiva. Na kwa sisi tulio kando ya ziwa, simu za wavuvi na wachuuzi wa samaki huja zikiwa na magamba, vumbi la dagaa na unyevu ndani ya tundu. Mguso ukiwa hafifu, usomaji hukatika katikati, na faili lililokatika ni hatari kwa sababu linafanana kabisa na faili zima. Zima simu, safisha tundu kwa kijiti kikavu na spiriti kidogo, uache likauke. Chaji simu ifike angalau asilimia sitini, na kompyuta mpakato nayo iwe na betri inayoweza kumaliza kazi umeme ukikatika.

Tafuta programu ya kiwandani kwanza

Pakua programu kamili ya kiwandani inayolingana na nambari ya muundo uliyoiandika, kisha ndipo uendelee. Google huweka hadharani faili za simu zake za Pixel. Watengenezaji wengine huziweka kwenye tovuti zao au kwa mawakala wao wa huduma. Toleo la zamani kuliko lililomo kwenye simu usilichukue, hata likiwa rahisi kupatikana. Simu nyingi zina kinga inayokataa kurudishwa nyuma, na baadhi hufa kabisa zikilazimishwa. Katika Samsung kinga hiyo inasomeka kwenye jina la toleo lenyewe: herufi au tarakimu ya tano ukihesabu kutoka mwisho ndiyo daraja la butiloda, na simu haikubali daraja la chini kuliko ililonalo.

Kusoma simu ya MediaTek

Uzuri wa chipu hizi ni kwamba nyingi zina mlango wa huduma ndani ya chipu yenyewe, unaofunguka kabla mfumo wa simu haujaamka. Kwa kupitia mlango huo unaweza kusoma sehemu zote bila kuruti, bila kufungua butiloda na bila kufuta chochote. Ndiyo maana ninasema usomaji uje kabla ya kufungua, na si baada. Chombo ninachokitumia ni mtkclient, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo hufanya kazi kwenye Linux na Windows. Kwenye Windows utahitaji kuweka pia draiva ya UsbDk. Kwenye Linux mambo huwa mepesi zaidi, na kama una kompyuta ya zamani inayozubaa, ni afadhali kuiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi kuliko kuhangaika na draiva.

Zima simu kabisa. Kwenye kompyuta andika amri ya kwanza, ambayo huonyesha orodha ya sehemu na ukubwa wake:

python mtk.py printgpt

Programu itaanza kusubiri. Shika vitufe vyote viwili vya sauti, chomeka waya huku umevishikilia, uviachie pale maandishi yanapoanza kutembea. Baadhi ya simu hutaka kitufe kimoja tu, cha juu au cha chini. Ikishindikana mara ya kwanza usivunjike moyo. Chomoa, subiri sekunde kumi, urudie. Orodha ikitokea, inakili yote uihifadhi kwenye faili la maandishi, maana utaihitaji wakati wa kuhakiki.

Anza na fungu la simu yako peke yake:

python mtk.py r nvram,nvdata,nvcfg nvram.bin,nvdata.bin,nvcfg.bin
python mtk.py r protect1,protect2,proinfo,persist protect1.bin,protect2.bin,proinfo.bin,persist.bin

Kama jina mojawapo halimo kwenye orodha ya simu yako, liondoe kwenye amri. Kisha soma zilizobaki zote kwa mkupuo, ukiiruka userdata:

python mtk.py rl nakala --skip userdata

Amri hii huweka kila sehemu kama faili lake ndani ya folda iitwayo nakala. Sehemu ya super huwa na gigabaiti kadhaa, kwa hiyo iache ifanye kazi. Usiisogeze simu, na usiiegemeze mahali ambapo mtoto au paka atavuta waya. Katika simu zenye hifadhi ya aina ya eMMC kuna kipande kingine kiitwacho preloader, ambacho hukaa kando na sehemu hizi na huwa ndicho cha kwanza kuamka. Kichukue peke yake:

python mtk.py r preloader preloader.bin --parttype=boot1

Simu yenye mfumo wa sehemu pacha, uliokuja na Android 7.0, itakuonyesha boot_a na boot_b, vbmeta_a na vbmeta_b, na kadhalika. Chukua pande zote mbili, hata kama upande mmoja ndio unaotumika kwa sasa.

Chipu mpya zaidi za MediaTek zimezibwa mlango huo, na baadhi hudai faili maalumu la idhini. Ukikutana na simu ya namna hiyo, usianze kufungua simu na kugusisha nyaya kwenye ubao kwa kufuata video. Baki na programu ya kiwandani uliyoipakua, na ujue kwamba huna nakala ya fungu la pili mpaka utakapoiruti.

Simu zenye chipu nyingine

Kwa Samsung, chombo cha kuandikia kiitwacho Odin huandika tu na hakisomi, hivyo kabla ya kuruti utategemea programu ya kiwandani yenye mafaili ya BL (butiloda), AP (mfumo), CP (redio) na CSC (mipangilio ya nchi na mtandao). Faili la HOME_CSC huhifadhi data ya mtumiaji, lile la CSC hufuta. Ujue pia kwamba ukiwasha programu isiyo rasmi kwenye Samsung, fyuzi ya Knox, yaani kinga ya usalama ya Samsung, hukatika daima, na hakuna nakala itakayoiunga tena. Kwa simu yoyote ambayo imeshapata ruhusa ya ruti, kazi ya kwanza kabla ya kusherehekea ni kunakili fungu la pili ukiwa ndani ya adb shell yenye ruhusa hiyo. Kwa Samsung, kwa mfano:

dd if=/dev/block/by-name/efs of=/sdcard/efs.img

Kwa Qualcomm rudia amri hiyo kwa modemst1, modemst2, fsg na persist. Mwenye TWRP, yaani recovery mbadala isiyo ya kiwandani, anaweza kuchagua sehemu hizo kwenye ukurasa wa kuchukua nakala, ila akumbuke kwamba nakala ya data inayotengenezwa na TWRP haigusi hifadhi ya ndani yenye picha na muziki.

Kuhakiki

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kufunga kazi, na hapa ndipo mimi hutumia muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Faili kuwapo kwenye folda si ushahidi kwamba ni zima. Kwanza linganisha ukubwa wa kila faili na orodha uliyoihifadhi. Sehemu ya boot iliyoandikwa kuwa megabaiti 32 lazima itoe faili la baiti 33,554,432 kamili. Ikipungua hata baiti moja, soma upya. Pili, fungua boot.bin kwa programu yoyote inayoonyesha baiti: katika simu nyingi herufi nane za mwanzo zitasomeka ANDROID! pamoja na alama yake ya mshangao. Ukikuta sifuri tupu au FF tupu kutoka mwanzo hadi mwisho wa faili ambalo linapaswa kuwa na kitu, umesoma hewa.

Tatu, soma fungu la pili mara mbili, katika folda mbili tofauti, bila kuiwasha simu katikati, kisha ulinganishe alama za utambulisho za mafaili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Kwenye Linux:

sha256sum nvram.bin nvdata.bin nvcfg.bin

Kwenye Windows, faili moja moja:

certutil -hashfile nvram.bin SHA256

Alama za jozi moja zikifanana zote, usomaji ni safi. Sharti la kutoiwasha simu lina sababu yake: mfumo ukiamka huandika mambo madogo ndani ya nvdata, na usomaji wa pili utatofautiana na wa kwanza ingawa kila mmoja ni sahihi. Hifadhi alama hizo kwenye faili la maandishi ndani ya folda hiyo hiyo, ili baada ya mwaka uweze kujua kama flashi imeanza kuoza.

Kutunza

Ipe folda jina linaloeleweka: modeli, nambari ya muundo na tarehe. Usiiache nakala ndani ya simu yenyewe wala kwenye memori kadi iliyomo kwenye simu hiyo. Flashi nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na super yako huenda ikazidi. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kunakili, ukijua kwamba kuipanga upya hufuta kilichomo. Fungu la pili, likishabanwa kwa nywila, weka nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa kuwa ni dogo na halili bando. Usimtumie mtu mwingine faili hizo, hata akiwa rafiki mwenye simu iliyoharibika, kwa sababu zimebeba utambulisho wa simu yako. Fundi naye anapaswa kumkabidhi mteja nakala yake na kufuta iliyobaki kibandani.

Kujaribu njia ya kurudi

Kabla hujabadilisha lolote, andika tena kwenye simu boot ile ile uliyoitoa:

python mtk.py w boot nakala/boot.bin

Kwa kuwa ni faili halisi la simu hiyo na alama zake za kiwandani zimo, simu inapaswa kuamka kama kawaida, hata butiloda ikiwa imefungwa. Ikiamka, umethibitisha kwamba njia ya kuandika inafanya kazi kwa waya huo, kompyuta hiyo na draiva hizo. Ikikataa kuandika, ni heri ulijue jambo hilo sasa, wakati bado hujaharibu kitu. Tofauti na kusoma, kuandika kukikatika katikati huleta madhara, kwa hiyo usiandike betri zikiwa zimepungua.

Siku utakapohitaji kurudi, anza na programu ya kiwandani na uache sehemu za nvram na wenzake bila kuguswa. Katika SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuandikia simu za MediaTek, chagua Download Only. Kamwe usichague Format All + Download, ambayo hufuta kila kitu, fungu la pili likiwamo. Endapo IMEI zimepotea, rudisha nvram, nvdata na nvcfg kwa pamoja, kutoka kwenye usomaji mmoja, kwa kuwa hutegemeana. Kisha bonyeza *#06# uzilinganishe na karatasi yako.

Kuhusu kuifunga tena butiloda, ambayo wengi huitaka kwa sababu programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa: ifunge tu pale ambapo kila sehemu imerudishwa katika hali ya kiwandani na simu imewaka vizuri angalau mara mbili. Simu ikifungwa huku boot au vbmeta ikiwa bado ya kuchezewa, haitaamka tena, na katika simu nyingi mlango wa kuifungua utakuwa umo ndani ya mfumo ule ule usioamka.